Sitoki Hapa Mpaka Nitoke

Nyumbani, chumba cha nyuma
9 Februari

Kwa dada yangu, mshona nguo za mashujaa,

Shikamoo. Itikia kwa sauti, nisikie hadi huku. Sisi hatujambo. Mama bado yuko kule hotelini chumba cha kufulia, anakunja mashuka mchana kutwa, hata akikaa kula mikono inakunja kitambaa cha meza. Goti linamsumbua lakini ukimuuliza anasema ni goti la jirani. Shangazi alikuja kuazima sufuria, akakaa wiki nzima, akaondoka na sufuria bila kuaga. Mimi ndiyo usiseme. Fundi wa gereji ameniachia bomba la kupulizia rangi. Gari zima bado, ila milango yote mibovu ya mji huu inapita mikononi mwangu. Ukiuona mlango wa gari unang'aa mpaka unajiona meno, jua mdogo wako kapita hapo.

Na wewe mlinzi wa getini pale studio, unayefungua barua za watu kuangalia kama zinavujisha hadithi, hujambo? Najua unasoma. Endelea, sehemu tamu inakuja.

Dada, nimeona Komeo. Msimu wa kwanza wote, kila Jumamosi jioni, kwa kinyozi wetu, maana runinga yake ina rangi zote na yetu ina kijani peke yake. Mlinzi, kama huwa uko zamu wakati huo, nikusimulie: kuna jamaa analinda ghala, mtu wa kawaida kabisa, hata mshahara wanamcheleweshea. Lakini akisimama katikati ya mlango wowote akatanua mikono, hapiti mtu, hapiti gari, hapiti moto. Adui yake anaitwa Upenyo, mwembamba kama uzi, anaingilia hata tundu la ufunguo.

Maoni yangu nayatoa bure, wapelekee wakubwa zako. Pale Komeo aliposimama mlangoni kwenye duka la mikate, unga ukamwagika ukamjaa hadi kwenye kope na hakupepesa jicho, pale mlinikamata. Kinyozi aliacha mteja na povu kidevuni. Lakini kuruka angani kunatoka wapi? Mtu wa mlango anaruka aende wapi? Milango iko chini! Na ile kofia yake ya chuma nani kaipiga rangi? Hajapiga msasa huyo, kapaka juu ya kutu, naona vipele kutoka huku. Na mchumba wa Komeo analia kila wiki, sijui maji anayatoa bomba gani.

Sasa neno lenyewe. Sehemu ya tatu Komeo kazingirwa, katanua mikono, kasema: "Sitoki hapa mpaka nitoke!"

Dada, nilikuwa nimenyolewa upande mmoja. Nilisimama hivyo hivyo nikapiga kelele: "Hilo neno langu!" Wakanicheka. Kinyozi akasema, "Kaa chini, Kidomo, na lile la 'habari za asubuhi' nalo ni lako?" Lakini wewe unajua. Mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwetu nikiwa na miaka sita, tukicheza, nataka kusema "sitoki hapa mpaka nife" kama wanaume wa sinema, ulimi ukateleza. Mmenitania nalo tangu siku hiyo. Halijawahi kutoka nje ya nyumba ile. Sasa nchi nzima inalisema, watoto wanalisema wakikataa kuoga.

Ulimwambia nani? Sikasiriki, nimefurahi hadi nimeota kidevu cha pili. Mwambie mtunzi anitaje tu, jina lipite pale chini mwishoni, hata kwa herufi za kutafuta kwa tochi.

Mdogo wako,
Kidomo, Bingwa wa Milango


Studio, mabweni ya wafanyakazi
2 Machi

Mdogo wangu Kidomo,

Marahaba. Barua yako imekaa getini siku nyingi kwa sababu mlinzi aliirudia mara mbili. Anakusalimu. Anasema na yeye hapendi kule kuruka.

Mimi mzima. Tunafanya kazi hadi macho yanakuwa mekundu, msimu wa pili uko jikoni. Simu bado wanazifungia kabatini. Mwambie mama goti si la jirani, aende akaonwe.

Hilo neno, nadhani lilinitoka siku moja wakati wa kula, watu wakalipenda. Hapa maneno yakianguka mezani hayana mwenyewe. Nakuomba usitangaze huko kwamba ni lako. Watu watakuona wa ajabu, na mimi wanaweza kunifukuza kwa kusemasema.

Umenichekesha kuhusu unga. Niambie na mengine, unaona vizuri kuliko unavyojua. Kwa mfano, kwa mawazo yako, Komeo akipisha siku moja, atakuwa amepisha kwa ajili ya nini? Kila mtu ana kitu chake. Wewe siku ile ya baba ulikuwa mdogo, sijui kama unaikumbuka vizuri. Mimi nilikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nilikuta mambo yamekwisha. Ukikumbuka lolote, niandikie. Ni kuzungumza tu.

Likizo ya mwaka huu nayo sidhani kama nitapata. Msinisubiri.

Dada yako


Nyumbani
17 Machi

Dada wa mbali kuliko mbali,

Salamu kwa mafungu: fungu lako, fungu la mlinzi (mtu mwenye akili, mpandishieni cheo). Mama ameonwa goti. Daktari kasema apumzike, mama kasema atapumzika akimaliza mashuka, na mashuka hayaishi, watu wanalala kila siku. Kila Jumapili anafagia chumba chako. Hakuna vumbi, lakini anafagia. Usiposema unakuja yeye anasikia unakuja, sijui masikio gani yale.

Hilo la kutotangaza umechelewa. Gereji nzima wananiita Komeo. Fundi akitaka kupita na bampa anasema, "Mheshimiwa Komeo, tunaomba njia." Mimi natanua mikono, nasema neno langu, napigwa kofi la kisogo, kazi inaendelea. Kuna binti wa duka la vipuri alikuwa hanioni hata nikisimama juu ya kaunta yake. Sasa ananiuliza, "Eti ni kweli?" Namjibu, "Muulize dada yangu." Kwa hiyo heshima yangu iko mikononi mwako, usiidondoshe.

Swali lako nimelisoma mara tatu kwa kuwa nasoma taratibu, na mara ya nne kwa kuwa sikulipenda. Komeo hapishi. Akipisha si Komeo tena, ni pazia. Waambie hivyo hivyo: Kidomo kasema mkimfanya apishe kwa hela, kwa mwanamke, kwa chochote cha kushikika, mmejivunjia nyumba wenyewe. Mtu anaweza kushindwa, sawa, abebwe, akanyagwe. Kuuza mlango, hapana.

Siku ile naikumbuka vizuri. Siizungumzii.

Tusemezane mengine. Upenyo ndiye mwigizaji bora kuliko wote, namchukia hadi nampenda. Msimuue.

Nduguyo,
Komeo wa Gereji


Studio
20 Aprili

Mdogo wangu,

Haraka haraka, gari la barua linaondoka. Natumaini mama na wewe hamjambo. Msimu wa pili unaanza wiki ijayo.

Nina ombi, usiniulize sababu. Jumamosi ya sehemu ya nne usiende kwa kinyozi. Mchukue mama mwende kwa shangazi mkadai sufuria yenu. Sehemu hiyo si nzuri hata hivyo. Nitakueleza tukionana.

Dada yako


Nyumbani
26 Mei

Wewe,

Salamu baadaye kama zitabaki.

Barua yako ya sufuria imefika leo. Sehemu ya nne imeonyeshwa wiki iliyopita. Umetuma mwavuli, mvua imeshalowesha nguo.

Nilikuwepo. Nilikaa kiti cha mbele, nimevaa shati la kutokea, kwa sababu binti wa vipuri alikuja. Mimi ndiye niliyemwalika. Nilimwambia, "Njoo uone neno langu."

Nikaona. Mlituonyesha Komeo alipokuwa mtoto. Nyumba ya vyumba viwili, mlango wa bluu umebanduka rangi chini, palepale ulipobanduka wa kwetu, hata ile alama ya teke mmeitia. Baba na begi lake. Mtoto katanua mikono, anasema neno. Watu wote wakageuka kunitazama, wanatabasamu, na mimi nimetabasamu kama mjinga. Baba akafungua begi. Akatoa mpira. Mpira mpya, mwekundu. Mtoto akautazama. Akashusha mikono. Akapisha.

Akapisha kwa mpira! Halafu sauti ya msimulizi ikasema: "Na ndiyo maana Komeo hapishi tena, kwa kuwa aliwahi kuuza mlango mmoja."

Kinyozi alipunguza sauti ya runinga. Kuna kijana mmoja akauliza, "Kumbe ndivyo ulivyomuuza mzee?" Wakacheka. Binti wa vipuri hakucheka. Bora angecheka. Aliinuka akasema ana kazi dukani, Jumamosi jioni!

Majina yakaanza kupanda mwishoni. Mimi yananipita mbio, kinyozi ndiye anayeyasoma. Akasimamisha kwa rimoti. Akasema taratibu, "Mtunzi," kisha akasoma jina lako. Lote, na la ukoo.

Unashona nguo! Miaka mitatu unatuambia unashona nguo! Wahenga walisema kikulacho kimo nguoni mwako, sikujua kumbe ndiye fundi mwenyewe wa nguo.

Ulipoandika "ni kuzungumza tu" ulikuwa na kalamu nyingine pembeni. Nilikuambia hapishi kwa kitu cha kushikika, nikakuandikia kwa mkono wangu, ukasoma, ukafanya kinyume. Nilidhani nimepata heshima, kumbe nilikuwa nakunjwa tayari kwa pasi.

Nisikilize. Sikupisha kwa mpira. Baba hakuwa na mpira wowote kwenye begi lile. Hutaki kuamini, usiamini, lakini usiwaambie watu wa dunia nzima kitu ambacho hukukiona.

Na kofia bado ina kutu.

Mlinzi, samahani kwa kelele.

Sisemi nduguyo nani


Studio
9 Juni

Mdogo wangu,

Sitakuomba unisalimie.

Ni kweli natunga. Nilisema nashona kwa sababu mkataba unatukataza kusema, na kwa sababu niliogopa mama ataniuliza natunga nini. Hilo la pili ndilo zito.

Lakini nawe nisikilize. Nilirudi likizo, begi mkononi, nimewaletea biskuti. Baba hayupo. Mama anakunja nguo, hainui kichwa. Wewe uko uani unapiga danadana kwa mpira mwekundu mpya, mpira ambao nyumba yetu haikuwa na uwezo wa kuununua. Nilikuuliza, "Baba yuko wapi?" Ukaniambia, "Nilipisha." Neno moja. Ukaendelea na danadana. Nilimuuliza mama akasema chai inapoa.

Hayo ndiyo yote niliyopewa, Kidomo. Neno moja na mpira. Nimeishi nayo miaka kumi na nne. Mimi nilikuwa mtoto wa baba, unajua, ndiye aliyenifundisha kusoma. Hata kwaheri sikupata, na nikawa nakutazama wewe ukicheza. Mtu akipewa vipande viwili tu anaviunga. Mimi nimeviunga hivyo, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Unasema si mpira. Basi ni nini? Niambie. Sehemu ya mwisho haijapigwa picha bado, naweza kugeuza. Ukikataa kuniambia, usinilaumu nikiendelea kuunga.

Dada yako, utake usitake


Nyumbani
30 Juni

Dada,

Nilianza barua nyingine ya kukuambia uandike unavyotaka, umfanye Komeo auze mlango, dirisha na bati. Nimeichana. Hii siandiki kwa kutaka. Mama amekaa mbele yangu, ameshika goti, ananitazama ninavyoumba herufi.

Ilikuwa hivi. Jumanne walirudia sehemu ya nne. Mama alipita kwa kinyozi kuniletea chakula. Alisimama mlangoni na bakuli mpaka ikaisha. Kisha akaingia, akachukua taulo za kinyozi zilizooshwa, akaanza kuzikunja moja moja, nne kwa nne, kama za hotelini. Kinyozi ananiuliza kwa macho, mimi naangalia sakafu. Alipomaliza akasema, "Twende nyumbani ukaandike."

Nikamwambia, "Mama, acha, yatapita. Mimi nimeshazoea."

Akasema, "Hujazoea. Umenyamaza. Si kitu kimoja."

Nikasema, "Lakini uliniambia nisimwambie."

Akasema, "Na sasa nakuambia umwambie. Kaa."

Mlinzi, tafadhali, hapa acha kusoma. Ukurasa wa pili ni wa dada peke yake.

Haya ni maneno ya mama, sijaongeza wala kupunguza, ananisimamisha nikikosea:

"Mwanangu mkubwa. Mdogo wako hakumpisha babako kwa mpira. Alisimama pale toka asubuhi, hajala, hataki kutoka. Babako alikaa kitandani na begi mapajani, anashindwa kumsogeza. Angekaa hivyo mpaka jioni, na kesho, na angebaki. Nami nilikuwa nimechoka kuishi na mtu aliyebaki. Nikamwambia mtoto, mpishe, mwanangu. Akaniangalia kama nimempiga. Nikamwambia tena, mpishe, mimi ndiye ninayesema. Ndipo akashusha mikono. Mpira nilinunua mimi kesho yake kwa sababu alikuwa haongei. Nilimwambia asikuambie wewe. Wewe ulikuwa wa babako. Niliogopa ukijua ni mimi niliyefungua, hutarudi tena likizo. Kumbe hukurudi vilevile."

Mwisho wa maneno ya mama. Anauliza kama nimeandika "vilevile". Nimeandika.

Sasa yangu. Nilikuwa na miaka sita, nikajua kufunga mdomo. Mimi, Kidomo! Jina hili mlinipa kwa sababu sinyamazi, na kumbe kitu kimoja nilichokunyamazia ndicho umekisema wewe kwa watu wote, tena kimepinda. Ulipouliza "baba yuko wapi" nilitaka kusema, "Mama kaniambia." Nikasema nusu. Ile nusu ndiyo uliyoipeleka hewani.

Mama ameenda kuteka maji. Kuna maji ndani, lakini ameenda.

Mdogo wako


Studio
18 Julai

Mdogo wangu,

Shikamoo kwa mama. Mwambie nimesoma.

Mlinzi alinipa barua kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umefunguliwa, wa pili ulikuwa umekunjwa vilevile ulivyoukunja. Akasema, "Ameniomba nisisome."

Nimekaa hapa na karatasi. Mimi nalipwa kuandika, na sijui niandike nini.

Tazameni Jumamosi ya mwisho.

Dada yako


Nyumbani
21 Agosti

Dada,

Shikamoo. Salamu zimerudi, si kwa sababu umestahili, ni kwa sababu mama anasoma juu ya bega langu. Goti limepungua. Shangazi karudisha sufuria, imetoboka. Mimi nimepewa gari zima. Fundi alisema, "Paka, na ukiharibu nakupaka wewe." Sikuharibu. Mwenye gari alidhani tumembadilishia.

Tumeona sehemu ya mwisho. Mama alivaa gauni la hotelini la sherehe. Kinyozi alimpa kiti kinachozunguka.

Maoni. Kwanza, bado anaruka. Nimeshasema, nachoka. Pili, kofia imepigwa msasa, nimeona, asante, ila wametia mng'aro mno, shujaa kawa sahani. Tatu, Upenyo hamkumuua, hapo mmefanya la maana, na pale alipolia kwa kukosa tundu la kupita nilimwonea huruma nikajichukia.

Nne. Mlirudi kwenye mlango wa bluu. Mtoto katanua mikono. Begi likafunguliwa na halina mpira, nguo tu. Nyuma kwenye giza akatokea mama yake, anakunja shuka, akasema: "Mpishe, mwanangu. Mimi ndiye ninayesema."

Yule kijana aliyeniuliza kuhusu kumuuza mzee aliinama akaangalia viatu vyake, akasema, "Kidomo, samahani, bwana." Nikamwambia anilipie kunyoa. Binti wa vipuri alikuwa amesimama mlangoni. Alinisalimia kesho yake, kwa jina la gereji. Kwa hiyo jina langu umelisafisha, siwezi kukataa, mimi si mwizi wa haki.

Lakini sikiliza, dada yangu mtunzi. Yale yalikuwa maneno ya mama. Alikaa mbele yangu na goti lake akayatoa moja moja, akakupa wewe. Wewe! Niliandika "dada peke yake". Mlinzi, anayelipwa kusoma barua za watu, aliacha kusoma kwa kuombwa tu. Wewe ulisoma, ukachukua, ukatia kwenye runinga Jumamosi jioni, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la rangi. Hukuuliza. Hata safari hii hukuuliza! Komeo wa kweli pale studio ni yule wa getini, ninyi wengine wote ni akina Upenyo. Tundu dogo tu, mmeshapita.

Nilimwangalia mama kwenye kile kiti, nikasubiri alie. Hakulia. Alisema, "Yule mwanamke hajui kukunja shuka. Pembe zote zinalegea." Kisha barabarani, tumefika karibu na nyumbani, akasema, "Sauti yake ilikuwa nzuri lakini." Kisha mlangoni akasema, "Angeniuliza, ningemkubalia." Akaingia akafagia chumba chako. Jumamosi, si Jumapili.

Basi sijakusamehe. Niweke hilo wazi lisije likapita mbio kama majina ya mwishoni. Mara ya kwanza uliandika usilolijua, hilo naweza kulimeza na maji. Mara ya pili uliandika unachokijua, na hilo bado limekaa hapa kooni.

Wanasema mkimaliza msimu mnafunguliwa simu na mnapewa ruhusa. Usipige. Njoo. Mlango nimeupiga msasa wote, nikaupaka rangi kwa bomba la gereji, Fundi hajui. Ni bluu ileile. Ile alama ya teke ya chini nimeiacha, nikaizungushia rangi, mama alitaka hivyo.

Siku utakayofika nitakuwa nimesimama hapo, nimetanua mikono. Nitakukagua kuliko mlinzi wako. Nikikukuta na kalamu, hata iwe nyweleni, sitoki hapa mpaka nitoke. Ukija na mikono mitupu na biskuti, nitapisha, na safari hii sitangoja mtu aniambie.

Ndugu yako,
Kidomo